Kitabu hiki kilikuwa cha nani? Mwongozo kamili wa kufuatilia wamiliki na mapambo ya vitabu vya mkono vya zama za kati

Ukimwonyesha mtu picha ya kitabu cha Ulaya cha zama za kati, vile vilivyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi kabla uchapaji haujaenea, macho yake yanakimbilia dhahabu moja kwa moja. Haki yake, ile dhahabu inang'aa mpaka leo baada ya miaka 600. Alafu anauliza, hiki kilikuwa cha nani? Na hapo ndo pa kutulia kwanza, sababu mara nyingi jibu limejificha kwenye kona chafu ya ukurasa ambayo hata aliyepiga picha hakuijali.

Mimi haya mambo nimejifunza kwa karatasi moja tu. Niliinunua Jumapili moja kwenye soko la vitu vya kale, ngozi ndogo ya sentimita 16 kwa 11, muuzaji ameibandika kikaratasi kinasema "Biblia, Ufaransa, 1450". Ilinichukua wiki kadhaa kugundua kwamba sio Biblia kabisa na kwamba ile tarehe aliikisia tu. Nitakuwa nairudia hapa mara kwa mara maana ndo ninayoijua kuliko zote.

Kabla ya yote andika maswali matatu juu ya daftari lako na usiyachanganye: kilitengenezwa wapi, kilitengenezewa nani au watu wa wapi, na baada ya hapo kimepita mikononi mwa nani mpaka kikafika kilipo leo. Ni maswali matatu tofauti yenye majibu matatu tofauti. Mafundi wa Bruges kule Flanders (Ubelgiji ya leo), karne ya 15, walitengeneza kwa wingi sana vitabu vya sala vya kuuza Uingereza, kwa hiyo unaweza kukuta michoro ya Bruges, sala za utaratibu wa kanisa la Uingereza (namaanisha ule wa Salisbury, unaoitwa Sarum), na leo kitabu kiko Marekani. Ukisema tu "ni cha Bruges" umejibu swali moja umeacha mawili, na ukisema "ni cha Uingereza" pia hujakosea, ila hujamaliza.

Nitatumia mfano wa Kitabu cha Sala za Vipindi, kile kitabu cha ibada cha walei, wafanyabiashara na wake zao, watu wa koo kubwa na mabinti wa mfalme, kwa sababu ndo aina iliyobaki kwa wingi kuliko vitabu vyote vya zama hizo na ndo utakayokutana nayo kwanza, iwe maktaba iwe mnadani.

Vifaa havina gharama. Rula, kioo cha kukuzia, penseli (kalamu ya wino usiisogeze karibu na ngozi hata mara moja), tochi ndogo, na kama unaweza tochi ya mwanga wa urujuanimno, ile wanayotumia kukagua noti za bandia. Mikono iwe misafi na mikavu. Glavu watu wanazipenda sababu ya filamu, lakini maktaba nyingi siku hizi hazitaki uzivae kwa vitabu vya ngozi, unapoteza hisia za vidole na unaweza kuchana ukurasa. Kama unafanyia kazi picha za mtandaoni, pakua zile kubwa kabisa uzihifadhi kwako. Oktoba 2023 maktaba ya taifa ya Uingereza ilishambuliwa kimtandao na vitabu vyake vya mkono vilivyokuwa mtandaoni vikapotea hewani kwa muda mrefu, watu waliokuwa wanategemea linki tu walikwama.

HATUA YA 1: HESABU KARATASI

Hii inachosha na kila mtu anataka kuiruka. Usiiruke. Vitabu hivi vimeshonwa kwa makunjo, kawaida karatasi nne kubwa zinakunjwa katikati zinakuwa nane, alafu kunjo linafuata kunjo. Tafuta uzi katikati ya kila kunjo, hesabu kulia na kushoto. Kama upande mmoja una nne na mwingine tatu, kuna karatasi imetoka, na kwenye kitabu cha sala karatasi inayotoka ni ile yenye picha, sababu ndo inayouzika. Angalia pia ngozi yenyewe: upande wa manyoya ni wa manjano kidogo na una vitundu vidogo vya vinyweleo, upande wa nyama ni mweupe na laini. Mafundi walipanga upande wa manyoya utazamane na wa manyoya, wa nyama na wa nyama. Ukifungua kitabu ukakuta kurasa mbili zinazotazamana hazifanani rangi, simama hapo, kuna kitu kimekatwa au kimeongezwa.

Alafu kuna alama za kuhamia. Kitabu kikifungwa miaka mingi, rangi na dhahabu ya ukurasa mmoja inaacha kivuli kwenye ukurasa wa pili. Kwenye karatasi yangu, ukiiinamisha chini ya tochi, pembezoni kuna kivuli cha rangi ya samli chenye umbo la herufi kubwa ambayo kwenye ile karatasi haipo. Hicho kivuli ni cha jirani yake. Maana yake hiyo karatasi ilikaa kwenye kitabu kizima kwa miaka mingi kabla mtu hajaing'oa, na kwamba jirani yake, popote alipo, ana herufi ya dhahabu mahali fulani, urefu fulani kutoka juu, na mimi nimepima: milimita 41.

HATUA YA 2: SOMA SALA, KITABU KILITUMIKA WAPI

Usiogope Kilatini. Huhitaji kukielewa, unahitaji kukitambua tu, kama unavyotambua sura ya mtu.

Sala za Bikira Maria ndani ya kitabu hiki zimegawanywa kwa vipindi vya siku, na hapa sisi tuna bahati. Prima ni saa ya kwanza tangu jua kuchomoza, Tertia ya tatu, Sexta ya sita, Nona ya tisa. Yaani saa moja asubuhi, saa tatu, saa sita mchana, saa tisa alasiri. Saa za watawa wa zama za kati na saa za Kiswahili ni zile zile, wote tunahesabu kutoka jua linapotoka! Mzungu inabidi aelezwe kwa nini "ya tisa" inaangukia wakati anaouita saa tatu, wewe huna haja.

Sasa, kila jimbo la kanisa lilikuwa na mpangilio wake wa sala hizi, na tofauti inaonekana haraka zaidi sehemu mbili, kwenye Prima na kwenye Nona. Tafuta antifona (mstari mfupi unaoimbwa pamoja na zaburi) na lile somo fupi linalofuata. Mpangilio wa Paris: Prima ina antifona "Benedicta tu" na somo "Felix namque", Nona ina "Sicut lilium" na "Per te dei genitrix". Mpangilio wa Roma: Prima "Assumpta est" na "Que est ista", Nona "Pulchra es" na "In plateis". Ziko nyingine nyingi, Rouen, Sarum, Besançon na kadhalika, na kuna majedwali mtandaoni ya kulinganisha, ila ukizishika hizi mbili kichwani tayari utatambua sehemu kubwa ya vitabu utakavyoviona, sababu wa Roma ulitumika kila mahali na wa Paris ndo wa jiji lililokuwa na warsha nyingi.

Angalia tahajia. Waandishi wa zama hizo hawakuandika "quae", waliandika "que", na walifupisha kila kitu ili kubana nafasi. Kistari juu ya herufi maana yake kuna m au n imeachwa. Herufi p iliyokatwa mkiani kwa mstari mfupi inasomeka "per". Ndo kilichonitesa mimi, nilikaa siku tatu natazama herufi p yenye msalaba mkiani ikifuatiwa na "te dei genitrix", nikidhani ni jina la mtu. Nilipojua kwamba ile p ni "per", sentensi ikafunguka: Per te dei genitrix, Nona, Paris. Biblia ikafa hapo hapo.

Kitu kingine cha thamani kubwa kiko kwenye sala mbili ndefu, moja inaanza "Obsecro te" na nyingine "O intemerata". Zimeandikwa kwa nafsi ya anayesali, "mimi mtumishi wako", na Kilatini kinatofautisha: "famulo tuo" ni mtumishi wa kiume, "famule tue" ni wa kike. Ukikuta la kike, karibu hakika kitabu kilitengenezewa mwanamke. Ukikuta la kiume usikimbilie, sababu mwandishi alinakili la kiume kwa mazoea hata pale mteja hakuwa na haja nalo, kwa hiyo la kike lina uzito kuliko la kiume.

HATUA YA 3: KALENDA

Mwanzoni mwa kitabu kuna kalenda, miezi 12, watakatifu siku baada ya siku. Wakubwa wameandikwa kwa nyekundu au dhahabu, wengine kwa wino wa kawaida. Watakatifu kama Petro hawakusaidii, wako kila mahali. Tafuta wa mtaani. Genevieve tarehe 3 Januari na Denis 9 Oktoba wakiwa kwenye dhahabu, uko Paris. Romanus 23 Oktoba kwa rangi, fikiria Rouen. Bavo 1 Oktoba ni Ghent, Donatian 14 Oktoba ni Bruges. Sio mmoja, tafuta watatu wanne wanaokubaliana.

Kalenda inakupa tarehe pia. Bernardino wa Siena alitangazwa mtakatifu 1450, Vincent Ferrer 1455, Katarina wa Siena 1461. Ukiwakuta ndani kwa mwandiko ule ule wa kalenda nzima, kitabu hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Wakiwa wameongezwa na mkono mwingine, basi ni mmiliki wa baadaye ndo aliwaongeza, na hapo umepata alama ya umiliki bila kutarajia. Kutokuwepo kwao hakuthibitishi chochote, waandishi walinakili kalenda za zamani miaka na miaka.

Na kuna waliokwanguliwa. Mwaka 1538 mfalme Henry VIII wa Uingereza aliamuru jina la Thomas Becket lifutwe kwenye vitabu vyote vya ibada, na miaka michache kabla alishaamuru jina la papa nalo lifutwe. Nenda tarehe 29 Desemba. Kama ngozi pale imekwanguliwa, au jina limepigwa mstari, una ushahidi mzuri kwamba kitabu kilikuwa Uingereza wakati huo na kwamba mwenye nacho aliogopa kutotii. Wengine walipitisha mstari mmoja mwembamba tu ambao unasoma chini yake bila shida, na mimi kila nikiuona huo mstari namfikiria mtu aliyeshika kalamu, anatii huku hataki.

Familia nazo ziliandika mambo yao kwenye kalenda, nani kazaliwa, nani kafa. Margaret Beaufort aliandika kwenye kitabu chake cha sala matukio ya ukoo wake, na humo kuna kuzaliwa kwa mwanawe tarehe 28 Januari 1457, ambaye baadaye ndo akawa mfalme Henry VII. Ukitoka pwani yetu hili haliwezi kukushangaza, wangapi wana msahafu wa babu nyumbani wenye tarehe za kuzaliwa watoto kwenye karatasi ya mwanzo, na misahafu ya zamani ya Lamu na Siyu ina maneno ya wakfu yanayotaja nani katoa na kwa ajili ya nani. Njia ya kusoma ni ile ile.

HATUA YA 4: MAPAMBO

Sasa ndo tuje kwenye dhahabu. Mapambo yana ngazi, kama vyeo. Chini kabisa ni herufi moja ya rangi, kwa kawaida nyekundu na buluu zikipokezana. Juu yake kuna herufi zenye mistari myembamba ya kalamu inayozunguka kama nywele, herufi nyekundu inapewa mistari ya buluu, ya buluu inapewa nyekundu. Juu zaidi ni herufi ya dhahabu juu ya rangi, alafu yenye majani ndani, alafu ile yenye picha ya watu ndani yake, na mwisho picha kubwa inayochukua karibu ukurasa mzima. Fundi hakutumia ngazi ya juu ovyo, mteja alilipia kila moja. Kwa hiyo andika ngazi gani imetumika wapi, utajua pesa ilielekezwa kwenye nini.

Pambizo ndo saa ya kitabu. Paris, mwishoni mwa karne ya 14 na mwanzo wa 15, utaona mizabibu myembamba ya wino mweusi yenye vijani vidogo vya dhahabu vyenye ncha tatu. Kuanzia kama miaka ya 1430 majani makubwa ya buluu na dhahabu yaliyojikunja yanaingia kwenye kona na yanazidi kunenepa. Flanders kuanzia miaka ya 1470 wanabadilisha mchezo kabisa, pambizo linakuwa la rangi moja ya dhahabu iliyofifia na juu yake maua, jordgubbar, nzi na vipepeo, kila kimoja na kivuli chake kana kwamba kimetua hapo sasa hivi. Hizi ni tarehe za kukadiria, mtindo wa jiji ulichelewa kufika kijijini, lakini karatasi yangu ina vijani vya ncha tatu na haina hata jani moja lililojikunja, ndo maana 1450 ya muuzaji haikunikaa.

Angalia dhahabu yenyewe chini ya kioo. Ile ya utando mwembamba uliobandikwa juu ya tope jeupe imevimba, ina mgongo, ukiinamisha inawaka kama kioo na pale ilipobanduka utaona jeupe au jekundu chini. Ya unga, iliyochanganywa na gundi na kupakwa kwa brashi, imelala na ina mng'aro mpole. Buluu nzito yenye ukungu wa urujuani inaweza kuwa ile ya jiwe la lapisi lililotoka milima ya Badakhshan, Afghanistan ya leo. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza kwamba walikuta punje za jiwe hilo kwenye ukoga wa meno ya mwanamke aliyezikwa kwenye monasteri ya Dalheim, Ujerumani, karne ya 11 au 12, na maelezo yanayoingia akilini zaidi ni kwamba alikuwa mchoraji anayelamba brashi yake. Na wanawake hawakuwa watawani tu, Jeanne de Montbaston wa Paris alikula kiapo cha biashara ya vitabu mwaka 1353 baada ya mumewe kufa, na alikuwa mchoraji.

Majina ya wachoraji ndo sehemu ya hatari. Wengi hawakuweka sahihi, wataalamu wamewapa majina kutokana na kazi zao, kama "Bwana wa Bedford" kutokana na kitabu cha sala cha John, mtawala wa Bedford. Usiseme kitabu chako ni cha bwana fulani sababu uso wa Maria unafanana. Linganisha mambo ambayo mchoraji anafanya bila kufikiria, vidole, masikio, mikunjo ya nguo magotini, vigae vya sakafu, miamba ya nyuma. Fungua picha mbili sambamba kwenye skrini, maktaba nyingi zinatumia mfumo wa IIIF ambao unaruhusu kuweka picha kutoka maktaba za mtandaoni tofauti, Gallica ya Ufaransa upande mmoja na e-codices ya Uswisi upande wa pili, ukazikuza pamoja.

Na ujihadhari na bandia. Mwisho wa karne ya 19 mpaka mwanzo wa 20 kulikuwa na fundi mmoja ambaye mpaka leo anaitwa Mghushi Mhispania, ingawa huenda alifanyia kazi Paris. Alikuwa anachukua karatasi za ngozi za kweli, za zamani, anakwangua na kuchora picha mpya. Aliyemkusanyia kazi zake na kumpa jina hilo ni Belle da Costa Greene, mkurugenzi wa kwanza wa maktaba ya Morgan, New York. Dalili: mabibi wenye nguo zilizokatwa chini sana kifuani, nyuso tamu zote za aina moja, na kijani kikali chenye shaba na arseniki ambacho kilianza kutengenezwa 1814. Ngozi kuwa ya zamani haithibitishi kwamba picha ni ya zamani.

HATUA YA 5: ALAMA ZA WENYE NACHO

Anza na karatasi za mwanzo na za mwisho, zile tupu, na ndani ya jalada. Humo ndo watu huandika majina. Soma kila kitu hata kama ni penseli, hata kama ni namba tu. Mwandiko wa karne ya 16, muhuri wa maktaba, kikaratasi chenye nembo, namba ya rafu, bei, namba ya mnada, vyote andika pamoja na mahali vilipo.

Nembo za ukoo zinapendeza ila zinadanganya. Mmiliki mpya alikuwa anapaka nembo yake juu ya ya zamani, kwa hiyo angalia kama rangi imenenepa pale, kama ngao imekaa vibaya ndani ya pambizo, na tazama upande wa nyuma wa karatasi dhidi ya mwanga, ya chini inaweza kuonekana. Kile kitabu cha Bedford, nembo zinakuonyesha John na mkewe Anne wa Burgundy waliooana 1423, lakini ni maandishi ya daktari wa mfalme, John Somerset, ndani ya kitabu chenyewe ndo yanayosema kwamba Anne alimpa mfalme mtoto Henry VI zawadi ya Krismasi ya 1430. Nembo peke yake isingekupeleka huko.

Kuna alama ambazo ukizijua zinakufungulia mlango mara moja. Penseli nyekundu ya chaki pembezoni kwenye vitabu vya Cambridge, mfikirie askofu mkuu Matthew Parker. Namba kwenye kona ya juu ya ukurasa wa kwanza, kwenye vitabu vya kifalme vya Uingereza, inaweza kuwa ya orodha ya Westminster ya 1542. Namba ya wino yenye neno Phillipps ni ya Sir Thomas Phillipps, aliyekufa 1872 akiwa amekusanya takriban vitabu vya mkono na nyaraka 60,000, na kuviuza kulianza 1886 kukachukua karibu karne nzima, ndo maana vyake utavikuta kila bara. Jina la mfalme wa Kirumi kama namba ya rafu, Vitellius, Nero, Tiberius, ni mkusanyaji wa Kiingereza Robert Cotton, makabati yake yalikuwa na sanamu za hao juu yake, na kama kingo zimeungua ni moto wa 1731.

Usisahau alama zisizo na maneno. Mashimo madogo ya sindano yaliyozunguka duara kwenye karatasi tupu: mtu alishonea hapo medali ya hija. Kutu chini ya jalada: mnyororo, kitabu kilifungwa kwenye rafu ya maktaba. Na uchafu. Kona zilizokolea weusi wa vidole zinakuonyesha sala gani mwenyewe aliirudia, na mtafiti Kathryn Rudy alichapisha mwaka 2010 utafiti ambao alipima weusi huo kwa kifaa, ukurasa kwa ukurasa. Kama kurasa za sala za marehemu ni chafu kuliko zote, kuna msiba hapo.

HATUA YA 6: YALIYOFUTWA

Mwenye kitabu mpya mara nyingi alikwangua jina la wa zamani. Zima taa, washa ile tochi ya urujuanimno. Ngozi inawaka buluu nyeupe, wino wa chuma na maganda ya mwaloni haung'ai, unabaki mweusi, na hata ukikwanguliwa mabaki yake yanaonekana. Usiumulike ukurasa muda mrefu, na maktaba waombe ruhusa. Chini ya ukurasa wa kwanza wa kile kitabu cha Voynich kilichoko Yale, ambacho hakuna aliyewahi kukisoma, kulikuwa na jina lililofutwa: Jacobus wa Tepenec. Raha yake ni kwamba cheo hicho "wa Tepenec" alipewa 1608 na alikufa 1622, kwa hiyo sahihi moja iliyofutwa inakuwekea kitabu mkononi mwa mtu mmoja ndani ya miaka 14. Ngozi yenyewe ilipimwa ikatoa 1404 hadi 1438. Ona tena yale maswali matatu yanavyokaa mbalimbali.

Ukikuta doa la kahawia au buluu lililomwagika juu ya maandishi yaliyofifia, hiyo ni dawa waliyopaka wataalamu wa karne ya 19 ili wasome. Walisoma siku ile, wakaua ukurasa.

HATUA YA 7: TOKA NJE YA KITABU

Sasa umeshika majina na namba, nenda kwenye orodha. Maktaba za zama za kati ziliorodhesha vitabu kwa kuandika maneno yanayoanza karatasi ya pili, kwa sababu karatasi ya kwanza ya kila nakala inaanza sawa lakini ya pili inategemea mwandishi alibana kiasi gani, kwa hiyo ni kama alama ya kidole. Andika maneno yanayoanza karatasi yako ya pili. Orodha za Jean, mtawala wa Berry, zilitumia njia hii, na orodha iliyofanywa baada ya yeye kufa 1416 inataja makunjo kadhaa ndani ya sanduku ya "sala tajiri sana" ambayo mchoraji Pol na ndugu zake walikuwa wanaitengeneza. Ndo kile kitabu maarufu kilichoko Chantilly, Ufaransa, leo, na mpaka jina lake linatoka kwenye mstari huo wa karani.

Kwa karne za karibuni tegemea katalogi za minada. Hifadhidata ya Schoenberg, chuo kikuu cha Pennsylvania, ina rekodi zaidi ya 200,000 za vitabu vya mkono vikitokea mnadani na kwenye katalogi, na unaitafuta bure. Tafuta kwa vipimo, idadi ya karatasi, idadi ya mistari na idadi ya picha, sio kwa jina la mchoraji, sababu kila katalogi ilimwita tofauti wakati mistari 16 inabaki 16.

Kwa karatasi moja moja nenda Fragmentarium, hifadhidata ya vipande vya vitabu, Fribourg, Uswisi. Hapa nina uchungu na nitausema. Otto Ege wa Cleveland, aliyekufa 1951, alikuwa anavunja vitabu vizima na kuuza karatasi moja moja, akapanga na maboksi 40 ya karatasi 50 kila moja. Misale (kitabu cha sala za misa) ya Beauvais, Ufaransa, ya mwisho wa karne ya 13, ilikuwa na karatasi 309 ilipouzwa London 1926, ikawa ya tajiri wa magazeti wa Marekani, William Randolph Hearst, ikauzwa 1942 kwa muuzaji wa New York, ikavunjwa, na Ege akauza sehemu yake. Mtafiti Lisa Fagin Davis amekuwa akiikusanya upya kwa picha, amepata zaidi ya 100, zimetapakaa Marekani na kwingineko. Tunajua ilitolewa kwa kanisa kuu la Beauvais na padri Robert de Hangest kwa sababu tu kitabu kilielezwa kwenye katalogi kabla hakijachanwa. Karatasi iliyong'olewa haibebi jina la mwenyewe.

HATUA YA 8: ANDIKA MLOLONGO, NA MAPENGO YAKE

Andika kwa tarehe, mmiliki mmoja mstari mmoja, na pembeni ya kila mstari ushahidi wake: sahihi, nembo, katalogi. Pale usipojua andika "pengo" na miaka yake, usilijaze kwa dhana. Ila pengo lisome. Likiangukia 1536 hadi 1541 na kitabu ni cha Uingereza, monasteri zilikuwa zinafungwa. 1789 na kuendelea, Ufaransa, mali za kanisa zilitaifishwa. 1803, Ujerumani, monasteri tena. Na pengo la 1933 hadi 1945 Ulaya usilipite kimya kimya hata kama bei ni nzuri, maana vitabu vingi viliporwa kwa Wayahudi, tafuta kwenye orodha za mali zilizoporwa kabla hujanunua au kuandika lolote.

Wangu unasomeka hivi kwa sasa. Paris, mwanzo wa karne ya 15, kwa ushahidi wa vijani vya ncha tatu. Kwa matumizi ya Paris, kwa "Sicut lilium" na "Per te dei genitrix". Mwenyewe wa kwanza, pengo. Pengo tena mpaka karne ya 20. Alafu penseli kona ya chini, namba 37, na gundi kavu nyuma inayoonyesha iliwahi kubandikwa kwenye kadi. Mistari 16, vipimo vya maandishi milimita 92 kwa 60, na kivuli cha herufi ya jirani, milimita 41 kutoka juu.